Fuvu la Pili

Ambilikile alikata roho jua likiwa limeshachomoza. Wasomaji wa Jumba la Wahenga wangefika kabla ya adhuhuri kuja kumsoma, kwa hiyo dada yake, Tusajigwe, alikuwa na asubuhi hiyo tu ya kuamua kama angemwibia kaka yake umilele.

Bupe, mke wa marehemu, alikuwa ameshamwosha na kumfunga kidevu kwa kitambaa cheupe. Sasa alijifunga kanga, akampandisha mgongoni binti yao Lugano, ambaye alikuwa bado hajajua kutembea.

"Wifi, nakwenda kuwaambia majirani, kisha nipite Jumbani niwaite wasomaji. Utakaa naye?"

"Nitakaa naye."

"Usimwache peke yake. Unamjua kaka yako. Kufa alikuwa haogopi. Alikuwa anaogopa kupotea." Bupe aliirekebisha mbeleko. "Juzi, mdomo ulipokuwa bado haujalegea kabisa, alisema Lugano akikua atakwenda Jumbani kumwuliza mambo ya maisha, naye atamjibu. Hilo ndilo lililompa nguvu ya kulala."

"Nilimsikia," alisema Tusajigwe.

Mlango ukafungwa. Tusajigwe akabaki ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Ndani ya mkoba wake wa utabibu, chini ya dawa za kawaida, alikuwa ameficha msumeno mdogo wa seremala.

Katika mji wa Ilambo hakuna tabibu aliyewahi kumiliki msumeno. Mji ule ulijengwa kuzunguka ziwa la volkano, juu kabisa milimani, wakati mabonde yalipokuwa hayakaliki tena kwa joto, na waanzilishi wake waliapa kwamba ujuzi hautapotea mara ya pili. Ndiyo maana kila mtoto aliyebalehe alitiwa nyuma ya sikio uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi ule uliota ndani ya ubongo kama mzizi wa kunde, ukaishi humo miaka yote ya mtu, ukinakili anachojua, anachokumbuka, hata namna anavyocheka. Mtu akifa, wasomaji walipachika kifaa chao pale nyuma ya sikio, wakaufyonza uzi polepole, na kabla ya jua kuzama sauti ya marehemu ilikuwa ikiongea ndani ya kuta za Jumba. Sharti lilikuwa moja tu: fuvu lisifunguliwe. Hewa ikiugusa uzi, uzi hufa, na mtu naye amekwisha.

Hivyo wafu wa Ilambo hawakunyamaza. Walio hai waliuliza, waliokufa wakajibu. Kazi ya tabibu haikuwa kutazama mgonjwa, bali kujua namna ya kuuliza, na Tusajigwe aliijua kazi hiyo kuliko wengi. Lakini ulipozuka Mlegezo, ugonjwa unaoanza kwa kidole kufa ganzi na kuishia kwa mtu kusahau kupumua, maswali yake yote yaligonga ukuta. Mhenga Syonike, tabibu mkuu wa enzi za babu zao, alijibu bila kusita kwamba Mlegezo unatokana na viazi. Mhenga mwingine akasema ni ukungu wa ziwani. Baraza la wazee likaangalia nani alitangulia kufa, likamfuata Syonike. Mashamba ya viazi yakachomwa moto. Njaa ikaingia, na Mlegezo haukuondoka.

Hapo ndipo alipokwenda kumwuliza mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimwuliza kitu. Mwalimu Kasyupa alikuwa amefundisha historia alipokuwa hai. Sauti yake ilikaa pembe ya nyuma ya Jumba, penye buibui.

"Wahenga wawili wanapingana," Tusajigwe alimwambia siku ile. "Nimfuate nani?"

Sauti ilicheka, kicheko kikavu cha mzee aliyezoea darasa lililosinzia. "Unaniuliza mimi, binti yangu? Mimi ni maiti." Kisha ikamsimulia. Zamani sana, ng'ambo ya kaskazini, ilipita tauni iliyoua watu hata mashamba yakakosa wa kuyalima. Matabibu wa huko walikuwa na vitabu vya tabibu mmoja wa Kiyunani, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka elfu. Vyuoni mwalimu aliketi kiti cha juu akisoma kitabu, na chini yake kinyozi akapasua maiti. Mwili ulipopingana na kitabu, walisema mwili ndio uliokosea. Kumbe yule Myunani alikuwa amepasua nyani na nguruwe.

"Na walijuaje?"

"Hawakuanza kwa ukaidi. Walianza kwa kuwapenda wafu wao. Walifukua vitabu vya kale, wakavisafisha, wakavilinganisha, na kadiri walivyovisoma ndivyo walivyoona havipatani. Wafu wawili wakigombana, aliye hai afanye nini? Siku moja mwalimu mmoja akashuka kitini, akakishika kisu mwenyewe. Watu wakaja kuzipa enzi zile jina zuri, wakaziita kuzaliwa upya. Lakini usidanganyike na jina. Chumba kile kilinuka."

Maneno hayo aliishi nayo majuma mengi. Sasa alimtazama kaka yake, aliyemfundisha kuogelea, aliyeuza ng'ombe wake wa pekee ili yeye asome utabibu. Alijua kwamba akimwomba Bupe ruhusa, Bupe atakataa. Ndiyo sababu hakumwomba.

Akafungua mkoba.

* * *

Uzi ulikuwa na rangi ya fedha. Alipoinua kipande cha mfupa aliuona ukimetameta juu ya ubongo kama umande wa asubuhi kwenye utando wa buibui, halafu mbele ya macho yake ukafifia, ukawa kijivu, ukanyauka. Hakuna sauti iliyotoka. Tusajigwe alisubiri kidogo, kana kwamba Ambilikile angesema neno la kuagana, kisha akainama kutazama.

Ndani ya nyama ile laini mlikuwa na punje. Zilikuwa nyeupe, za duara, kubwa kidogo kuliko punje za mtama, kila moja imejificha ndani ya kijifuko cha maji. Alizihesabu mpaka akaacha kuhesabu. Alikuwa ameshawahi kuziona. Utotoni mama yake alinunua nyama ya nguruwe sokoni, akaikata, akazikuta punje kama zile, akaitupa yote shimoni ingawa siku hiyo hawakuwa na kitoweo kingine.

Mabanda ya nguruwe ya mji yalikuwa juu ya chanzo cha maji. Waanzilishi ndio walioyaweka pale. Mvua ilipopiga, uchafu wote wa mabandani, wa nguruwe na wa watu waliolala humo kuwahudumia, uliteremka kwenye maji ambayo Ilambo yote iliyanywa.

Alikuwa bado ameinama Bupe aliporudi.

Bupe hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, nyuma yake wasomaji wawili na kifaa chao, akatazama kitandani, akamtazama wifi yake, akatazama mikono ya wifi yake.

"Wifi," Tusajigwe alianza, "nimeona kinachowaua. Njoo uone. Lugano asinywe tena yale maji mpaka—"

"Yuko wapi mume wangu?"

"Bupe."

"Nakuuliza kitu kimoja. Yuko wapi?"

Bupe akaketi chini pale pale kizingitini, akamvuta mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akaanza kujiyumbisha huku na huku. Msomaji mmojawapo alikwenda kukaribia kitanda, akarudi nyuma amejiziba mdomo.

* * *

Baraza lilimkalisha kizuizini mpaka shauri lisikilizwe. Aliyekuwa Msemaji wa Wahenga, yaani mtu aliye hai anayefikisha maswali kwa wafu na kutangaza majibu, alikuwa Mzee Mwalukasa. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa amewazika wajukuu watatu mwaka huo, na uso wake ulionyesha.

"Tabibu," alisema, "unataka tufunge chanzo cha maji na kuwachinja nguruwe wote. Viazi hatuna. Nguruwe ndio chakula kilichobaki. Ukiwa umekosea, mji huu hautavuka masika. Na ushahidi wako ni kichwa kimoja."

"Kichwa kimoja, mzee. Kweli."

"Je, kama kaka yako alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe?"

"Inawezekana. Ndiyo maana naomba kichwa cha pili."

Minong'ono ilipita ukumbini kama upepo kwenye mabua makavu. Mwalukasa aliinua mkono. Wazee waliteta, wakawauliza Wahenga, wakateta tena. Hatimaye wakamkubalia, kwa kuwa walitaka aumbuke mbele ya watu. Kulikuwa na ajuza mmoja, Bibi Syabumi, mchuuzi wa kuni asiye na ndugu, aliyekuwa amekufa kwa Mlegezo alfajiri ya siku hiyo ya shauri. Hakuna ambaye angekwenda Jumbani kumwuliza lolote.

"Na yeye mwenyewe?" Tusajigwe aliuliza. "Alitaka kusomwa?"

"Kila mtu anataka kusomwa," alisema Mwalukasa. "Utafungua, au hutafungua?"

Alifungua. Maiti ililetwa kwenye ua wa Baraza mchana kweupe, juu ya meza ya mbao. Wazee walikaa mbali, mashuka puani. Umati ulisimama nyuma ya kamba, na karibu kabisa na kamba alikuwamo Bupe, ambaye hakuwa amesema neno na wifi yake tangu siku ile. Msumeno ulikuwa butu. Uzi wa Bibi Syabumi ulimeta, ukafifia, na yote aliyoyajua ajuza yule kuhusu misitu na kuni na upweke yakaenda zake.

Tusajigwe akatazama. Akatenganisha nyama kwa ncha ya kisu, akatazama ndani zaidi, mkunjo kwa mkunjo. Jasho lilimwingia machoni.

Hapakuwa na punje.

Alirudia tangu mwanzo. Ubongo ulikuwa umesinyaa, una uvimbe mdogo upande mmoja, lakini punje hata moja hapakuwa. Pembezoni mwa jeraha palikuwa na vipande vyeupe vya mfupa vilivyokatwa na meno ya msumeno, na kwa mtu aliyesimama mbali vilifanana kabisa na alichokuwa akikitafuta. Kati ya watu wote uani, alidhani, yeye tu ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kutofautisha.

Neno moja lingetosha. *Zimo.* Wangeamini, maana walikuwa wameshatishika. Chanzo kingefungwa kabla ya magharibi. Naye moyoni alikuwa na hakika ya yale maji. Aliwawazia watoto wanaokinga ndoo bombani, aliwawazia Lugano na wenzake, na neno likamjia ulimini likiwa limeshakamilika.

Kisha akayawazia mashamba ya viazi yakiwaka. Syonike naye alikuwa na hakika. Kama maji siyo chanzo, nguruwe wangechomwa kama viazi, na waliosazwa na Mlegezo wangemalizwa na njaa, kwa neno la mtu aliyesema alichokiamini badala ya alichokiona.

"Tabibu," Mwalukasa aliita. "Tunangoja."

"Hazimo."

"Sema kwa sauti."

"Huyu hana punje. Nimetazama mara mbili. Hana hata moja."

Umati ukashusha pumzi. Mwalukasa naye alimtazama kama mtu aliyetarajia kupigana na akakuta mlango uko wazi.

"Basi Mlegezo unaletwa na nini?"

"Sijui."

Lilikuwa neno la kawaida, watu walilitumia sokoni na majumbani. Lakini pale Barazani halikuwahi kutamkwa na mtu aliyeulizwa kwa heshima ya kazi yake. Wahenga waliundwa wajibu daima. Waliowaunda waliona ukimya hauna faida. Mtu mmoja nyuma alicheka, wengine wakamfuata.

"Sijui," alirudia, akiinua sauti juu ya vicheko. "Pengine Mlegezo ni maradhi mawili tunayoyaita kwa jina moja. Pengine Bibi huyu kauawa na njaa, si ugonjwa. Pengine nimekosea kabisa. Kwa kaka yangu nimeona hiki, kwa Bibi Syabumi sikukiona, na yote mawili ni kweli. Nipeni ruhusa nitazame wengine, wale walioridhia wakiwa hai. Na wakati natazama, chemsheni maji. Kuni tunazo. Kuchemsha hakumwui mtu."

"Anataka wengine," mzee mmoja alisema, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Hukumu ilitolewa siku ile ile. Uzi wa Tusajigwe ung'olewe akiwa hai, ili siku akifa afe kabisa. Asitibu tena. Na Mhenga Kasyupa, aliyempotosha, azimwe.

Walimruhusu kumuaga. Hata Baraza halikukosa utu kiasi hicho.

"Ulishuka kitini?" sauti iliuliza kutoka pembe ile yenye buibui.

"Nilishuka, Mwalimu. Mara ya kwanza nilikiona kitu. Mara ya pili hapakuwa na kitu."

"Na ulisema hivyo? Mbele yao?"

"Nilisema."

"Mimi nilifundisha habari hizo maisha yangu yote," sauti ilisema, "na kila mwaka nilijiuliza kama mimi ningeweza. Haya, nenda. Usinililie, nilikufa zamani." Fundi akageuza ufunguo ukutani. Taa ndogo ikazimika.

* * *

Kung'olewa uzi kulimwachia maumivu ya upande mmoja wa kichwa na usahaulifu wa mambo madogomadogo. Alihamia kibanda cha ukingoni mwa mji, akaishi kwa kufua nguo za watu. Alichemsha maji yake, na aliyetaka kujua kwa nini, alimwambia. Wachache waliiga. Wengi walipita upande wa pili wa njia. Majeneza yaliendelea kuteremka kilimani, tena mengine madogo mno.

Bupe alikuja mchana mmoja, Lugano akitembea kwa kuyumba kando yake. Hakupiga hodi. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, na Tusajigwe, aliyekuwa ameinama juu ya beseni, hakuhitaji kuambiwa.

"Karibu, wifi."

"Sikuja kukusamehe."

"Najua."

"Jana nilikwenda Jumbani, nikaomba niongee na Ambilikile. Nilijua hayumo. Nikaomba hivyo hivyo. Wakaniambia hawamfahamu mtu huyo." Bupe alizungumza polepole, akilazimisha kila neno lipite upande mzima wa mdomo. "Nakuchukia, Tusajigwe. Nitakufa nikikuchukia. Lakini siku ile Barazani nilikuwa karibu na kamba. Niliviona vile vipande vya mfupa, na nilikuona ukivitazama. Nikasema moyoni, sasa atadanganya, na mume wangu atakuwa amekufa mara mbili bure. Hukudanganya."

Tusajigwe alikausha mikono kwenye sketi yake.

"Nikifa, usiwaachie wasomaji. Nifungue."

"Bupe, Lugano atabaki bila sauti ya baba wala ya mama."

"Abaki na uhai wake. Sauti atasimuliwa na wewe." Akamshika wifi yake mkono, si kwa upendo, kwa nguvu iliyobaki. "Ila usinifungue kwa siri kama ulivyomfanyia mwenzangu. Waite watu. Wasogee karibu. Usiwaambie cha kuona."

Alikufa kabla ya mwezi kuisha, akiwa katika kibanda kile. Tusajigwe aliitoa maiti uani, kukiwa na jua, akamwosha wifi yake mwenyewe. Lugano alipelekwa kwa jirani. Watu waliokuja hawakuzidi kumi, karibu wote waliofiwa: muuza nyama ya nguruwe mmoja aitwaye Mama Ngonile, mafundi wawili, wanawake ambao hawakutaja majina yao. Walijua adhabu ya kuonekana pale.

Alipomaliza kukata, alirudi nyuma hatua kadhaa, akaweka kisu chini.

"Sogeeni," alisema. "Kila mtu aseme alichokiona. Kama hakuona, aseme hakuona."

Hakuna aliyejongea. Kisha Mama Ngonile akajifunga kanga vizuri, akaenda, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Zimo," alisema. "Mungu anisamehe. Hizi nazitoa kwenye nyama kila siku kwa kucha, halafu nauza."

Wa pili akaenda, akasema zimo. Wa tatu alisema anaona weupe lakini hana hakika, na Tusajigwe akamwambia hilo nalo ni jibu, atazame tena. Mafundi walibishana kama kile ni kijifuko au mafuta, wakaitana, wakaonyeshana kwa kijiti. Hakuna aliyewahi kuwasikia watu wa Ilambo wakibishana juu ya kitu kilicho mbele ya macho yao.

Mwishoni alibaki mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa amesimama langoni muda wote. Alivua kofia.

"Mke wangu amekata roho asubuhi hii," alisema. "Naitwa Mbonile. Nyumba yetu ni ile ya chini ya bomba. Wasomaji hawajaitwa."

Tusajigwe alihisi maumivu yakimpanda upande ule wa kichwa.

"Mwenyewe aliridhia?" aliuliza. "Akiwa na akili zake? Maana mimi nilishawahi kufungua bila kuuliza, na sitafanya tena, hata mji wote ufe."

"Hatukulizungumza," Mbonile alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuja kwa sababu nina watoto wanne."

Tusajigwe alitazama msumeno. Alimtazama Bupe chini ya shuka, akatazama njia iteremkayo mjini, kwenye bomba, ambako watu walikuwa wamepanga ndoo.

"Basi nenda ukawaite wasomaji, kaka," alisema. "Wamsome. Halafu rudi hapa unipeleke kwa hao wanne, wangali hai. Nitawauliza wao wenyewe, mmoja mmoja, wanajisikiaje na wanakunywa nini, na nitawaangalia."

Mbonile alivaa kofia, akaondoka akilia. Mama Ngonile akachota maji ya moto kutoka jikoni, wakaanza kumwandaa Bupe kwa mazishi.